Kidonge cha Chai

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa tisa alasiri nikiwa juu ya ngazi, namalizia bango la muuza viatu. Herufi ya mwisho ilikuwa mbichi bado, ikachuruzika ikaacha mkia. Muuza viatu akasema ni pambo, niuache. Nikamwambia mimi siuzi mikia. Nikaifuta, nikaiandika upya chini ya mwavuli alionishikia mwenyewe huku akinung'unika.

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya kuchanganya rangi. Lakini msimu wa mvua mchora mabango hana kazi nyingi, na mimi nisipokuwa na kitu mkononi nagombana na watu. Basi nitaandika. Wa kugombana naye nyumbani amebaki mmoja tu, mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Stempu kwa sababu alikaa posta miaka thelathini na mbili akigonga mihuri. Amestaafu, lakini bado anaishi kwa saa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi chai inafika kitandani, na pembeni yake kisahani cha bluu chenye kidonge changu cha kiungulia. Huu mwaka wa kumi na moja, hajakosa hata siku moja.

Habari kubwa: binti yetu, kitindamimba, amepata chumba cha saloni. Amekuwa akisuka vichwa vya watu kwenye saloni za watu tangu amalize shule. Atafungua yake Jumamosi ya tarehe 31 Mei, mvua zikiwa zimekwisha. Jioni alikuja akakaa miguuni pangu kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Mama, bango sitaki la kuchapisha. Nataka mkono wako."

"Liandikwe nini?"

"Suka Nasi."

Nikamwahidi. Nilifurahi mpaka nikamsamehe Bwana Stempu jambo ambalo sasa hivi silikumbuki.

Alhamisi, 6 Machi

Kope la jicho la kushoto linacheza tangu asubuhi. Bwana Stempu anasema nitapata mgeni. Mgeni mwenyewe akawa jirani aliyekuja kuazima ngazi yangu.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Kope bado. Nimeamka misuli ya miguu imekakamaa, nikashindwa kusimama mpaka nilipoikanda. Uzee huo, mama.

Jumapili, 23 Machi

Leo nimefanya mazoezi ya S kwenye ubao mkuukuu uani, chini ya bati.

Wachoraji wengine hupiga mistari kwa penseli na kupima kwa rula. Mimi nahesabu herufi, natafuta katikati ya ubao, naanzia hapo kwenda kulia, kisha narudi kushoto. Herufi ya kwanza ya jina ndiyo naiandika ya mwisho. Kwa njia hiyo jina halijanipungukia nafasi hata siku moja. Na mkono wangu hauegemei kitu. Wapo wanaoegemeza mkono kwenye fimbo. Nimewacheka miaka yote.

S ya kwanza ilitoka na mawimbi. Nikasema ni brashi. Nikachukua nyingine, mawimbi yaleyale. Nikasema ni rangi nzito, nikaizimua. Nikasema ni meza, nikaweka karatasi iliyokunjwa chini ya mguu wake. Bwana Stempu alikuwa mlangoni akinitazama. Nikamfokea kwamba kivuli chake kinanizuia mwanga. Akaondoka na kivuli chake, na S ikatoka mbaya kuliko zote.

Jumatatu, 24 Machi

Nimenunua brashi mpya tatu. Haikuwa brashi.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekwenda zahanati bila kumwambia mtu. Nilisema nyumbani kwamba nakwenda kuangalia ukuta wa mteja.

Nesi aliyenipokea alikuwa na kalamu sikioni na nyingine mkononi. Aliuliza maswali kutoka kwenye karatasi bila kuinua macho.

"Kuna dawa yoyote unatumia?"

"Situmii."

"Hata ya presha?"

"Hata ya presha. Mimi sina maradhi, nina mkono tu."

Akapima presha, ikawa nzuri. Akaniambia nipumzike na nipunguze chai. Kupunguza chai! Nimerudi nyumbani nimelowa, na Bwana Stempu akauliza ukuta wa mteja ulikuwaje. Nikasema una nyufa.

Sijamwambia binti yangu. Ananipigia simu kila siku kuniambia vioo vimefika, viti vimefika. Mikono hii imenisomeshea watoto watatu na sijui kufanya kitu kingine. Naogopa. Nimeandika neno hilo na limetoka limepinda.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo nimemeza kiburi changu chote, na hakikuwa kidogo. Nimekwenda kwa Plastiki.

Plastiki ana duka la kuchapisha mabango ya plastiki kwa mashine, mtaa wa pili. Miaka minne iliyopita alisema mbele ya watu kwamba kazi yangu ni ya makumbusho. Tangu siku hiyo nikimwona navuka barabara. Leo nilivuka kwenda kwake. Nikamwambia nataka bango la Suka Nasi, herufi nyekundu juu ya njano, alichapishe lifanane na mkono wangu kadiri mashine itakavyoweza, na asimwambie mtu.

Alikuwa akinitazama mkono nilioshikia mwavuli. Mwavuli ulikuwa unatetemeka.

"Mashine imeharibika, mama," akasema. "Pita wiki ijayo."

Jumatatu, 14 Aprili

Mashine bado. Nyuma ya pazia nimeisikia kwa masikio yangu ikinguruma. Mtu mwenye roho mbaya hajifichi.

Jumamosi, 19 Aprili

Naandika nikiwa wodini, kitanda cha dirishani. Mwandiko huu wa kuku ni wangu.

Jumatano binti yangu aliniomba nipake walau rangi ya chini kwenye ubao wa mbele ya saloni, mvua ikiwa imepumzika. Rangi ya chini haihitaji ufundi, nikaona hapo sitaumbuka. Nilikuwa kwenye kipago cha tatu cha ngazi. Kwanza midomo ikafa ganzi. Kisha vidole vya mkono wa kulia vikajikunja vyenyewe, vikabana brashi, kidole gumba kikaingia kiganjani. Nikajaribu kuvikunjua kwa mkono wa kushoto, nao ukajikunja. Moyo ukaruka pigo moja, ukapiga mawili kwa pamoja, ukaruka tena. Nikamwona binti yangu chini anaongea, simsikii. Kisha sikuona kitu.

Nilianguka juu ya ndoo ya rangi, ndoo ikanusuru kiuno changu. Wanasema nililetwa hapa njano tupu kuanzia kichwani, na mlinzi wa getini akaita kwa sauti kwamba kuna mgonjwa wa manjano.

Basi kila kitu kikafichuka. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na ngazi. Binti yangu alilia kwa hasira. "Mama, ungeniambia! Bango ni ubao tu!" Si ubao tu, naye anajua, ndiyo maana alilia.

Daktari wa hapa ni mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kijani, rika la mwanangu wa kwanza. Damu yangu imeonyesha potasiamu iko chini na kalsiamu iko chini. Wakanitundikia dripu ya potasiamu siku mbili, haikupanda. Jana akapima kitu kingine, leo amekuja na karatasi. Magnesiamu. Akanieleza taratibu: ni madini tunayoyapata kwenye chakula, mwili unayahitaji kidogo tu, lakini yakipungua sana misuli na neva hazitulii, moyo unapoteza mwendo, na zile potasiamu na kalsiamu hazikai hata ukizimimina kwa ndoo.

"Yako iko chini vibaya, mama. Tutakujazia kwa dripu, utaona nafuu haraka. Lakini lazima nijue inakopotelea. Umeharisha muda mrefu?"

"Hapana."

"Pombe?"

"Mwanangu, niangalie vizuri."

"Kuna dawa unatumia?"

"Nimeulizwa hilo mara tatu sasa. Situmii dawa."

Akaandika, akaondoka amekunja uso. Si kwa ubaya. Nimeanza kumpenda.

Jumatatu, 21 Aprili

Leo niandike yote, mkono umetulia kidogo na nina la kusema.

Tangu nilazwe, Bwana Stempu anafika saa kumi na mbili na nusu na chupa ya chai. Ana mkataba wake na mlinzi wa getini. Ninakunywa, anaondoka, na madaktari wanapita saa tatu. Leo mvua ilikata barabara. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, amechelewa. Amefika saa tatu na dakika kumi, suruali imekunjwa magotini, viatu mkononi, amefedheheka kana kwamba barua za mji mzima zimelowa. Daktari na wenzake walikuwa wamezunguka kitanda changu. Yeye akaomba radhi, akapenya katikati yao, akamimina chai, akatoa kisahani cha bluu ndani ya kitambaa, akakiweka mahali pake. Mimi nikanyoosha mkono.

"Mama," daktari akasema, "hicho ni nini?"

"Kipi?"

"Hicho unachotaka kumeza."

"Aa, hiki? Hiki ni cha chai."

"Cha chai?"

"Cha kiungulia," Bwana Stempu akafafanua kwa adabu. "Anakunywa kila siku na chai, daktari. Mwaka wa kumi na moja."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akakiokota kidonge kwa vidole viwili, akaniuliza kwa upole kabisa kwa nini nilisema situmii dawa.

Nami naapa sikuwa nadanganya. Dawa ni ile ya kuugulia, unaipata kwa foleni. Hiki kinakuja na kikombe. Ningeulizwa kama natumia sukari ningesahau vilevile kutaja kijiko.

Akakaa kitandani kwangu, akatueleza sote wawili. Kidonge hiki kinapunguza asidi ya tumbo, na ni dawa nzuri. Lakini kwa baadhi ya watu, kikitumika miaka na miaka, utumbo unashindwa kufyonza magnesiamu ipasavyo. Inapungua kidogo kidogo, mtu haoni. Bandu bandu huisha gogo. Akasema tunakiacha leo, atanipa cha kiungulia cha aina nyingine kisicho na tabia hiyo.

Nilifurahi kuliko inavyopasa. Mkono haukuwa umezeeka! Nikacheka, nikamgeukia mume wangu nikasema, "Unaona? Kikulacho ki nguoni mwako!"

Ilikuwa mzaha. Lakini nikaona uso wake unavyosawijika. Alifunga kisahani kwenye kitambaa, akakitia mfukoni, akachukua viatu vyake akatoka. Chai ilibaki imemiminwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeruhusiwa. Nina vidonge vya magnesiamu na karatasi ya kurudi kupima. Daktari amenionya mambo mawili. La kwanza, kiungulia kitarudi kwa hasira wiki chache, kwa sababu tumbo lililozuiwa muda mrefu likiachiwa linazidisha asidi, kisha linatulia. La pili, nisiende mtaani kuwatangazia watu waache vidonge vyao, wapo wanaovihitaji kweli na mwenye kuamua ni daktari wao. Alijuaje kwamba ndicho nilichokuwa nimepanga kufanya?

Ijumaa, 25 Aprili

Saa kumi na mbili na nusu, hakuna chai. Nilimsikia jikoni, akiosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Jumatatu, 28 Aprili

Hakuna chai.

Ijumaa, 2 Mei

Kope limeacha kucheza. Miguu haikakamai. Ila kifua kinawaka moto kuanzia tumboni mpaka kooni, nalala nimekaa. Mvua imepungua, manyunyu tu.

Bwana Stempu ananihudumia kwa kila kitu isipokuwa mkono kwa mkono. Maji anaweka mezani, anasogea. Nimempa pole, nimemwomba msamaha kwa ule mzaha. Anasema, "Yamekwisha," na hayajaisha. Jana nilimkuta na lile kasha la karatasi zake, maana mtu wa posta hatupi kitu. Alikuwa ameipata karatasi ya daktari wa kwanza, aliyeniandikia kidonge miaka kumi na moja iliyopita. Akaniwekea kidole kwenye mstari wa mwisho. Tumia wiki nane tu.

"Nilisoma jina la dawa," akasema. "Nikasoma mara ngapi kwa siku. Hapa sikufika. Nimekulisha kwa mkono wangu mwenyewe, kila siku, kwa wakati."

Sijawahi kumwona analia. Nilikaa kando yake, nikaikunja ile karatasi nikairudisha kwenye kasha.

Jumatatu, 5 Mei

Moto. Siandiki.

Ijumaa, 9 Mei

Nimefanya ujinga, na ujinga umezaa heri.

Asubuhi nilishindwa kuvumilia. Nikajifunika mtandio nikaenda duka la dawa la kona, nikanunua vidonge vyangu vya zamani, boksi zima. Niliposhika boksi mkononi ndipo nikakumbuka. Wiki nane zile zilipokwisha, nilikaa siku tatu bila kidonge, moto ukarudi, nami nikasema ugonjwa haujapona. Ni mimi niliyesema. Ni mimi niliyemtuma dukani, tena kwa ukali, kwamba asirudi mikono mitupu.

Nikarudi nyumbani bila kumeza hata kimoja, nikaweka boksi mezani mbele yake. Uso ukambadilika.

"Sikiliza," nikamwambia. "Wewe ulipeleka tu. Aliyetuma ni mimi. Tangu lini mtu wa posta akalaumiwa kwa yaliyomo ndani ya barua?"

Akaligeuza lile boksi, akasoma maandishi mpaka mstari wa mwisho.

"Ningeweza kuuliza," akasema.

"Ungeuliza ningekufokea."

"Ungenifokea, kweli."

"Basi fanya kazi yako. Rudisha kwa mtumaji."

Akacheka. Kwanza kidogo, kisha mpaka akashika meza. Akavaa koti lake, akachukua boksi na risiti akaenda. Aliporudi alisema hawapokei dawa iliyokwisha kutoka dukani, kwa hiyo wamelichukua waliteketeze, na yeye amehakikisha wameandika kwenye daftari na kugonga muhuri.

Jumamosi, 10 Mei

Saa kumi na mbili na nusu: chai. Bila kisahani. Nimekunywa yote.

Jumanne, 20 Mei

Majibu ya damu: magnesiamu imerudi mahali pake, na zile nyingine zimefuata. Daktari alinipa karatasi niandike mstari mmoja auone mkono. Nikamwandikia jina lake kwa herufi za bango. Amesema ataliweka kwenye fremu mlangoni kwake. Kiungulia kipo, lakini kimekuwa mgeni wa jioni, si mwenye nyumba.

Jumamosi, 24 Mei

Jua siku nzima. Nimekwenda kwa Plastiki kufuta ile oda. Nilikuwa nimejiandaa na maneno makali kuhusu mashine yake.

"Mashine haijaharibika hata siku moja, mama," akasema. "Ulipokuja siku ile nilikuona unatetemeka. Nikasema huyu mama anaumwa, hajaacha kazi. Ningekuchapishia, usingeshika brashi tena."

"Uliniita makumbusho."

"Makumbusho ndiko wanakoweka vitu vya thamani." Akakuna kichwa. "Ingawa siku ile sikumaanisha hivyo."

Angalau ni mkweli. Nimemwalika kwenye ufunguzi. Miaka minne nimevuka barabara bure, na ile barabara ina magari.

Ijumaa, 30 Mei

Leo.

Ubao ulikuwa umekauka vizuri, njano yake imekolea. Binti yangu alijifungia ndani akasema hawezi kutazama. Bwana Stempu alishika ngazi kwa mikono miwili, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote nimekubali mtu anishikie ngazi. Nilichukua na fimbo ya kuegemeza mkono, nikaitundika karibu, endapo itahitajika. Mtu akianguka mara moja anapata adabu.

Nikahesabu herufi nane, nikapata katikati, kwenye nafasi kati ya maneno mawili. Nikaenda kulia: N, A. Ikafuata S ya pili. Nilishusha pumzi, nikaanza juu, nikazunguka. Katikati, pale inapogeuka, niliuhisi mkono unajiuliza. Nikaegemea fimbo. Ndiyo, nimeegemea, niwaombe radhi wote niliowacheka. Ikatoka safi. I. Nikarudi kushoto: A, K, U.

Ikabaki moja, na kopo likawa limekauka.

"Nipe hilo kopo jipya na kitu cha kuwekea rangi," nikaita bila kutazama chini. "Chochote."

Nikasikia anahangaika na mfuko wa koti. Kisha mkono wake ukapanda pembeni yangu, upande wa kulia, na kiganjani mwake kisahani cha bluu, rangi nyekundu katikati. Alikuwa anakitembeza mfukoni tangu wodini.

Nikachovya brashi, nikaiacha fimbo ikining'inia. S ya mwisho nimeiandika kwa mkono mtupu, mara moja, kutoka juu mpaka chini.

"Imetulia?" akauliza kutoka chini, maana ngazi ilimziba haoni.

"Njoo uione."

"Siwezi kuachia ngazi."

Hakuachia mpaka miguu yangu yote miwili ilipokanyaga chini. Ndipo akaja barabarani, akatazama juu kwa muda, akatoa kitambaa. Binti yetu akafungua mlango.

Jumamosi, 31 Mei

Saa kumi na mbili na nusu chai imefika, na kisahani cha bluu pembeni. Kina alama nyekundu ukingoni isiyotoka, na ndani hakina kitu. Nimekitazama, nikamtazama. "Nimezoea kukileta," akasema. Nikamwambia aendelee kukileta.